Stendi ya kamera: Mtaji mdogo uanzie miguuni
Simu za mkononi zimempunguzia mpiga picha wa Katoro wateja wa picha za kawaida. Kazi inayomlipa sasa ni video za harusi, sendofu na mikutano, na kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa kushika kamera mkononi saa nne mfululizo. Hata hivyo wengi bado huinunua stendi kwa chenji iliyobaki baada ya kununua kamera.

Matokeo yake ni ile stendi nyepesi yenye kichwa cha plastiki kisichofunguka. Kwa simu inatosha. Kwa kamera ya kazi ni hasara, kwani kichwa kikivunjika na miguu nayo imekwisha. Tena mkono wake hushtuka: bibi harusi anapoingia ukumbini, picha inaruka. Harusi hairudiwi, na mteja aliyetoa nusu ya malipo anayo sababu ya kuikatalia nusu iliyobaki.

Mwenye fedha kidogo anunue kwanza miguu imara ya alumini ambayo kichwa chake hufunguliwa, yenye skrubu ya kawaida ya inchi 3/8. Kichwa kitabadilishwa mfuko ukiruhusu. Kwa video, hata kile kidogo kisicho na jina kubwa kinafaa, mradi ndani kiwe na mafuta mazito yanayotuliza mwendo. Kichwa cha gololi kinapendeza na ni chepesi kuelekeza, lakini ni cha picha za mnato. Kikilegezwa, kamera inalala upande wowote.

Miguu ya kaboni, ambayo Gitzo ya Ufaransa iliiingiza sokoni mwaka 1994, ni kwa ajili ya anayepanda mlima. Anayepanda bodaboda kutoka Katoro kwenda Buseresere hana haja ya kulipia wepesi huo.

Kuhusu uzito, kamera ipimwe pamoja na lenzi, taa na maikrofoni. Vikifika kilo 3, miguu iwe ya kubeba kilo 6. Kichwa kisizidishwe mno, maana springi iliyotengenezwa kwa kamera nzito huirusha nyepesi juu.

Kadhalika vumbi la kiangazi lizingatiwe. Miguu inayokazwa kwa kuzungusha hunasa mchanga kwenye nyuzi zake na hudai kufunguliwa na kuoshwa mara kwa mara. Ya vibano haina usumbufu huo, na kibano kikilegea hukazwa kwa bisibisi.

Tangu Daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Mwanza haisubiri tena kivuko. Ni afadhali mnunuzi aende mwenyewe na kamera yake kuliko kuagiza Kariakoo kwa kutazama picha. Dukani aifungue miguu yote mpaka mwisho, aikandamize kwa nguvu, afunge kamera, aiinamishe kisha aachie mkono. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu.

Mitumba nayo si ya kudharauliwa. Miguu ya Manfrotto au Velbon iliyotumika, ikiwa haikupinda, huishinda mipya mingi ya bei hiyo hiyo. Vichwa vikaguliwe zaidi: kinachovuja mafuta shingoni kiachwe hapo hapo mezani.