KUMKWAZA NDUGU SIYO SURUALI TU

Nimerudi juzi kutoka nyumbani Mbulu, nikapita na Katesh kule Hanang kumwamkia mjomba, na nimerudi na hasira. Mnivumilie.

Jumapili mahubiri yalikuwa juu ya kutomkwaza ndugu. Nikakaa vizuri kwenye benchi. Kumbe ni yale yale! Binti aliyevaa suruali, kijana aliyeonekana kilabuni, mama aliyechelewa ibada. Dakika arobaini nzima. Kila aliyesemwa alikuwa mtu mdogo.

Hebu fungueni Warumi 14 na Wakorintho wa Kwanza 8. Habari yenyewe ni chakula, na kwa Wakorintho ni nyama iliyotolewa kwa sanamu. Je, Paulo anamwonya nani pale? Siyo yule dhaifu. Anamwonya mwenye imani imara, yule anayejua kwamba sanamu si kitu na anakula bila wasiwasi, kwamba ujuzi wake huo unaweza kumwangamiza mwenzake. Sisi tumegeuza kibao: mwenye imani kubwa kashika kipaza sauti, dhaifu ndiye anayekemewa.

Sasa nieleze kilichonipeleka kwa mjomba. Mnakumbuka 2011, kikombe cha Babu, Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila wa KKKT, kijijini Samunge, Loliondo. Shilingi 500 kikombe. Foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita, wagonjwa wengine wakafia njiani. Hata vigogo wa serikali walikunywa! Kwetu nako watu walichangishana nauli, na mjomba, mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi, akaenda na kurudi salama.

Simlaumu kwa kwenda. Mgonjwa hushika chochote. Maafa yalikuja Jumapili iliyofuata, pale mzee mmoja wa kanisa aliposimama kwenye ushuhuda akasema anayekunywa kikombe halafu anaendelea kumeza vidonge vya hospitali, huyo hana imani. Watu wakapiga makofi. Mjomba alikuwa safu ya tatu. Akaenda nyumbani akavifungia vidonge kabatini, asije akaonekana msaliti. Kidonda kikaanza kwenye kidole, na mwisho wake mguu ukakatwa chini ya goti.

Yule mzee hakuwa mwongo, naamini alikuwa na imani kweli. Ndiyo maana nasema yeye ndiye Paulo aliyekuwa anamwandikia! (Na waliopiga makofi je? Mimi nilikuwemo.)

Najua mtanijia juu kwamba napinga uponyaji. Sipingi. Lakini Hospitali ya Haydom, iliyoanza 1955 hapo hapo Mbulu, ni ya nani kama siyo ya Walutheri hao hao? Kanisa linaloendesha wodi siku sita haliwezi siku ya saba kumwita mgonjwa anayemeza dawa kuwa msaliti. Mtu akisema amepona, tumshukuru Mungu, kisha aende apime, na daktari ndiye aseme dawa ziachwe. Mpaka hapo asipewe kipaza sauti. Ni jambo gumu hilo?

Na msidhani ni mambo ya zamani. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023 kule Shakahola, Kenya, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wamwone Yesu. Wote hao walikuwa na mtu mwenye imani kubwa mbele yao.

Mjomba bado anaenda kanisani. Anakaa benchi la mwisho karibu na mlango kwa sababu ya magongo. Nilimuuliza kama yule mzee amewahi kumpa pole. Akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, kila Jumapili ananisalimia Bwana asifiwe, halafu ananiuliza mguu uliingiwa na nini."