Maua mbele, kisima nyuma



Wiki hii tunazungumza juu ya usafi wa kartye, lakini tutaanza na kiatu. Ni kiatu cha mtoto, cha mguu wa kushoto, na mpaka leo kiko chini ya kisima, ndani ya lupangu moja isiyo na mtu, kando ya njia ambayo watoto wetu wanapita kila asubuhi wakienda masomo. Mwenye kiatu yuko hai, tunamshukuru Mungu. Alikuwa akifuata mpira, majani yalikuwa marefu kumpita, hakuona shimo, akateleza. Dada yake alimshika mkono. Kiatu kikashuka peke yake.

Kisima kile sisi wote tulikijua. Kwa sikukuu ya wamama ya tarehe 8 mwezi wa tatu, tulifanya kazi nzuri kwenye avenyu yetu. Tulifagia, tulipaka mawe chokaa, tulipanda maua pale avenyu inapoanzia, na watu wakatusifu. Siku ile tulipita mbele ya lupangu hiyo mara nyingi, majembe mkononi. Kila mmoja wetu alisema moyoni: si lupangu yangu, mwenyewe yuko Lubumbashi, kwa nini nichoke bure? Tulipamba mahali wageni wanapoona, tukaacha mahali watoto wanapopita. Kosa hilo ni letu, hatutamtupia mtu mwingine.

Tangu mwaka 2015 Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami. Wageni wanakuja, na ni vizuri wakute mji safi. Lakini usafi haukuanzishwa kwa ajili ya wageni. Majani marefu ni nyumba ya nyoka, na usiku ni maficho ya mwizi. Mama anayetoka alfajiri kuteka maji, na binti anayetumwa dukani jioni, wanajua vizuri ni kona gani ya njia wanayoipita mbio. Maji yaliyosimama ndani ya kopo na tairi la zamani yanazaa mbu. Mfereji uliozibwa na takataka unaleta maji ya mvua mpaka ndani ya nyumba. Kwa hiyo tukisema usafi, tunasema pia usalama.

Kisima kisicho na kifuniko kina hatari mbili. Ya kwanza ni ile tuliyoiona. Ya pili haionekani kwa macho: mvua inasukuma uchafu wote wa juu na kuumwaga ndani ya maji tunayokunywa. Ndugu zetu wa Bukama na Malemba-Nkulu, kandokando ya mto Lualaba na maziwa yake, wanaijua kipindupindu, na ugonjwa huo unapita kwenye maji na chakula vilivyoguswa na choo. Basi tukumbushane. Kisima kikae mbali na choo, meta 30 au zaidi. Kizungushiwe ukuta unaomzuia mtoto kuanguka na kuzuia maji ya mvua kuingia. Kiwe na kifuniko, na ndoo ya kutekea iwe moja tu, isilazwe chini kwenye udongo. Na kama huna hakika na maji, yachemshe kabla ya kumpa mtoto.

Tunajua neno salongo halipendezi masikio yote. Wazee wetu wanaikumbuka salongo ya wakati wa Zaïre, kazi ya lazima, na wengine wakisikia jina hilo tu wanakunja uso. Jirani zetu wa Rwanda wana umuganda: siku ya posho ya mwisho ya kila mwezi, tangu saa mbili mpaka saa tano asubuhi, watu wa miaka 18 mpaka 65 wanatoka kufanya kazi ya pamoja, na sheria inawataka watoke. Hapa kwetu, kwenye avenyu, hakuna anayetulazimisha. Maana yake, kazi itafanyika tukiipenda wenyewe, la sivyo haitafanyika.

Tena tuseme ukweli bila kugombana. Salongo ikitangazwa, wanaotoka ni wamama na watoto. Wababa wengi wanabaki chini ya mwembe wakitoa mashauri. Mashauri tunayapokea, lakini kupekupe ina mpini, na mpini unashikwa na mkono wowote.

Kuna wanaosema: tunalipa kodi, kazi hii ni ya serikali. Hawakukosea kabisa. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira yenye afya, na inaipa serikali kazi ya kuangalia mazingira na afya ya watu. Lakini kifungu hicho hicho kinampa kila mtu wajibu wa kuyatetea mazingira hayo. Kwa hiyo tuandike barua kwa komini, tudai mifereji, tudai mahali pa kutupia takataka, na wakati tunangoja jibu tukate majani. Mtoto hataacha kufuata mpira kwa sababu barua yetu haijajibiwa.

Baada ya siku ya kiatu, hivi ndivyo tulivyofanya. Tulikwenda kwanza kwa shefu wa avenyu, kwa sababu lupangu ina mwenyewe, na kuingia bila ruhusa kungeleta maneno. Shefu alimpigia simu mwenye lupangu. Tulingoja matusi, kumbe alitushukuru. Alisema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kisima kiko wazi. Siku ya posho iliyofuata tulikuwa tisa. Baba mmoja seremala alitoa mbao, mama mwingine alileta misumari, na kabla ya saa sita majani yalikuwa chini na kisima kimefunikwa. Miaka yote ile tulikuwa tunangoja kazi ya asubuhi moja!

Lakini mbao si betoni. Mchwa wa Kamina mnawajua, na mvua za mwezi wa kumi haziko mbali. Zaidi ya hapo, tuliwaomba wanafunzi wetu watuambie wanapita visima gani vilivyo wazi wakienda masomo. Walitaja vingine vitatu bila hata kufikiri. Watoto wanajua. Ni sisi hatukuwa tumewauliza.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, jioni ya leo muulize mtoto wako: njiani unaogopa wapi? Msikilize mpaka mwisho, usimkaripie. La pili, siku ya posho inayokuja, saa moja asubuhi, tukutane pale kwenye maua na jembe, kupekupe au fagio, kila mtu na alichonacho. Tutaanza na kile kisima cha pili, na ruhusa ya shefu tunayo. La tatu, kila nyumba iweke kando kidogo kwa ajili ya simenti, kama tunavyofanya kwenye likelemba, na hesabu zitasomwa mbele ya wote.

Maua hatutayang'oa, tunayapenda. Lakini mwaka huu tutayamwagilia baada ya kufunika visima. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunawangoja, wamama, na wababa pia, mwembe hautakimbia.