Imani peke yake haishiki panga

Bibi akikatwa mapanga Shinyanga au Geita, jibu huwa tayari: chanzo ni imani za kishirikina. Viongozi hulitamka, sisi waandishi hulichapa, mjadala unafungwa. Jibu hilo nalikataa.

Wanaoamini uchawi nchi hii ni mamilioni, wakiwemo wenye shahada. Wanaoua ni wachache. Bila imani hiyo bibi yule asingeitwa mchawi, nakubali. Lakini kitu kinaweza kuwa cha lazima na bado kisitoshe. Bila mvua majaruba ya Kahama hayatoi mpunga, ila mvua isiyokuta mbegu huotesha magugu tu. Basi mbegu ya mauaji haya ni nini?

Kwanza ni hoja iliyopinda. Wachawi wana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu, kwa hiyo ni mchawi. Hata tukikubali sentensi ya kwanza, hoja inaegemea jambo ambalo hakuna anayelitamka: kwamba asiye mchawi hawezi kuwa na macho mekundu. Likanushe uone kama hoja itasimama. Ingia jiko lolote la kijijini Usukumani. Miti ilifyekwa kufukuza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata ikabidi mwaka 1986 uanzishwe mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kurudisha misitu na ngitili, yaani malisho yaliyotengwa. Kuni zilipoadimika, akina mama walipikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Miaka hamsini ya moshi ule, jicho gani litabaki jeupe?

Machimboni Geita kosa ni la ukoo huohuo: fulani alikwenda kwa mganga, akapata dhahabu. Waliokwenda wakatoka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mikono mitupu hakuna anayewahesabu. Hesabu hiyo ya upande mmoja imegharimu uhai wa watu wenye ualbino, ambao viungo vyao waganga hudai vinaleta utajiri. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 huko Bukombe.

Halafu kuna anayefaidika, na hapa ndipo hasira yangu ilipo. Ramli chonganishi inalipiwa. Wakata mapanga wanalipwa. Mara nyingi bibi anayelengwa ni mjane mwenye shamba ambalo ndugu wanalimezea mate. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alifuta leseni za waganga wa jadi. Januari 2015 serikali ikapiga marufuku tena wapiga ramli. Marufuku hizo zilimlenga mpiga ramli, zikamwacha aliyemtuma.

Tunaposema "ushirikina" tukanyamaza, tunamsitiri mtu huyo kwa kuutwika mzigo wake utamaduni mzima. Mpelelezi anayefika kwenye boma la marehemu aulize kabla ya yote: shamba hili sasa linalimwa na nani?