Maua ya mwisho wa kiangazi, lakini kiangazi gani?

Katika mazoezi ya tafsiri tunayofanya kitivoni kuna maneno mawili ambayo hakuna anayeyaulizia: été ni kiangazi, automne ni vuli. Kamusi zinasema hivyo, mwalimu anakubali, mwanafunzi anapata pointi zake. Mimi naona jambo hili limetupita haraka mno, na ushahidi wangu ni maua.

Tuchukue Jardin des Plantes ya Paris, iliyoanzishwa mwaka 1635 kama bustani ya mfalme ya mimea ya dawa, na ambayo leo yeyote anaingia kutembea. Kuanzia mwisho wa mwezi wa nane dalia zinachanua kwa wingi, nyekundu, njano, zambarau, nyingine kubwa kama sahani. Asta zinafuata, kama vinyota vya buluu. Dalia si mwenyeji wa Ulaya. Ilitoka Mexico ikapandwa Madrid, na mwaka 1791 Mhispania Cavanilles akaipa jina la Dahl, mtaalamu wa mimea wa Sweden. Haivumilii baridi kali: usiku mmoja wa jalidi unatosha kuifanya nyeusi, na watunza bustani wanachimbua mizizi yake minene kama viazi, wanaificha ndani mpaka baridi ipite. Kwa hiyo Mfaransa akisoma habari za maua ya mwisho wa été, anasikia ndani yake sauti ya kuagana.

Sasa andika "maua ya mwisho wa kiangazi" umpe msomaji wa Lubumbashi. Kwetu mvua inakatika kati ya mwezi wa nne na wa tano, mwezi wa sita na wa saba tunavaa makoti, na mwezi wa tisa joto linapanda pamoja na vumbi. Hapo ndipo mijakaranda inapochanua ikiwa karibu haina majani, na barabara chini yake inageuka zambarau. Halafu inakuja zamu ya miti ya flamboyant, na mvua yenyewe. Mwezi ni ule ule wa Paris, lakini msomaji wetu haagi kitu. Anafikiri mbegu na jembe. Na mtu wa Dar es Salaam, kwa maneno hayo hayo, ataelewa mwezi wa pili, joto lile la kabla ya masika.

Vuli ni mbaya zaidi. Pwani, vuli ni mvua fupi za kuanzia mwezi wa kumi. Watu wanapanda, majani yanaota. Ndilo neno tulilochagua kwa majira ambayo majani yanaanguka! Na hapa Katanga kuna kejeli nyingine. Toka nje ya mji mwezi wa tisa, utaona miombo imekuwa myekundu na rangi ya shaba, kama picha za automne katika vitabu vya shule. Lakini majani yale ni machanga, yametoka juzi, kabla hata ya mvua. Rangi ambayo kule ni ya uzee, hapa ni ya utoto.

Najua nitajibiwa kwamba istilahi lazima iwe moja, la sivyo hatutaelewana. Kwa taarifa ya hali ya hewa, sawa. Kwa shairi au riwaya, hapana. Wengi wetu tutafundisha katika shule za sekondari, mbele ya watoto ambao watajifunza kutoka kwetu kwamba majira yao ni nakala mbovu ya yale ya kitabuni. Ninachoomba ni kidogo: mwanafunzi anayeandika "mwezi wa tisa", au "majani yalipoanza kupukutika", au "dalia zikingoja jalidi", asikatwe pointi kwa sababu hakuandika vuli.

Na maua yaitwe kwa majina. Tumezoea kuandika "maua mazuri" na kupita. Krisantemu, kwa mfano, ndiyo Wafaransa wanayopeleka makaburini tarehe 1 mwezi wa kumi na moja. Kumpelekea mwenyeji wako nyumbani ni mkosi. Mwandishi wao akimsimamisha mgeni mlangoni na krisantemu mkononi, sisi tukaandika "alileta maua", msomaji wetu atafurahi kwamba mgeni ana adabu.