MTAA SI UWANJA WA VITA

Ndugu wanachama, wako wanaosema kwamba Waingereza walileta amani Kenya. Tunawajibu kwa jambo moja tu: Nairobi, alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954.

Jenerali Erskine aliuzingira mji kwa maelfu ya askari na polisi. Pumwani, Bahati na Kaloleni, mitaa ya wafanya kazi kama Chang'ombe yetu, ikapekuliwa nyumba kwa nyumba. Mtu hakuulizwa kwanza amefanya nini. Aliulizwa kabila lake. Vibaraka waliofunikwa magunia usoni walitikisa kichwa tu, na Mkikuyu, Mwembu au Mmeru akapelekwa kizuizini Manyani au Mackinnon Road bila kuonana na hakimu. Waliozuiwa walizidi 20,000. Wake na watoto wakarudishwa rizavu.

Mwaka 2013 Serikali ya Uingereza ilisema inasikitika, ikakubali kutoa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wazee 5,228 walioteswa siku zile. Waliotangulia kaburini hawakulisikia hata neno hilo.

Twasema wazi: kosa ni la mtu, si la kabila wala la mtaa. Serikali yo yote, hata yetu wenyewe, ikilisahau hilo, imekalia kiti cha mkoloni.

Uhuru na Umoja!