Kurudi Kazini Baada ya Kuugua Kupangwe Mapema

Likizo ya ugonjwa nchini Tanzania inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Katika mzunguko wa likizo wa miezi 36, mfanyakazi ana haki ya siku zisizopungua 126: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awasilishe cheti cha daktari. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 inaweka kima cha chini cha siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu kwa mwaka.

Muda wa kuugua umelindwa; kurudi kazini ndiko kunakoachwa bila mpango. Mpakizi wa ghala aliyeumwa mgongo hurudi na karatasi ya daktari iliyoandikwa "kazi nyepesi". Msimamizi akikosa kazi ya namna hiyo, humrudisha nyumbani au humwachia abebe mifuko ya saruji ya kilo 50, na maumivu huanza upya. Kumbe angeweza kwa wiki kadhaa kuhesabu mifuko inayoingia na kutoka na kujaza daftari la ghala, kisha aongezewe uzito kidogo kidogo kwa ushauri wa daktari.

Waajiri nao wana hoja. Mshahara wa mgonjwa hutoka mfukoni mwao, na penye wafanyakazi watano pengo la mmoja huwaelemea wote. Vipo pia vyeti vya ugonjwa vya kughushi. Dawa yake ni kuthibitisha cheti kwa kituo kilichokitoa, bila kudai siri za ugonjwa. Kumshuku kila anayeugua huwafanya watu waje kazini wakiwa hoi.

Kanuni za utendaji bora za Tanzania za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa ugonjwa, apime chanzo na ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na uwezekano wa kumrekebishia kazi, tena kwa kushauriana naye. Aliyeumia kazini anastahili juhudi kubwa zaidi.

Mashauriano hayo yasingoje siku ziishe. Yaanze mapema, mara hali ya mgonjwa inaporuhusu, na yaandikwe: kazi ipi, saa ngapi, hadi lini, na nani atafuatilia. Mpango huo humgharimu mwajiri kidogo kuliko kumfundisha mgeni kazi, na humwezesha mfanyakazi kupona bila kupoteza riziki.