Picha Bila Maabara Haitoshi

Mkazi wa Pumwani mwenye pua iliyoziba haulizwi sababu. Vumbi la Gikomba na moshi wa makaa hutosha kumjibia. Hununua dukani dawa ya kuua bakteria, akapata nafuu siku mbili tatu, kisha akarudi kununua nyingine. Desturi hii yafaa ikomeshwe, kwani si kila maradhi ya sainasi, yaani yale mashimo ya hewa ndani ya mifupa ya uso, huletwa na bakteria. Wakati mwingine chanzo ni kuvu, na kuvu haifi kwa dawa hizo hata zikimezwa mwaka mzima.

Hapo ndipo picha ya CT inapofaa. Mashine hiyo, iliyowapatia Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, Tuzo ya Nobel mwaka 1979, huuonyesha uso vipande vipande kwa miale ya eksirei, pasipo kisu. Sainasi yenye hewa huonekana nyeusi; iliyojaa usaha au kamasi huwa ya kijivu. Kuvu hukusanya chokaa na madini kama chuma, hivyo huacha madoa meupe katikati ya kijivu hicho. Mara nyingi huwa upande mmoja tu wa uso, na mfupa ulio kando yake huwa umenenepa au umelika.

Daktari aonaye hayo ana haki ya kushuku, si kuhukumu. Kamasi iliyokauka kwa muda mrefu nayo huweza kuonekana nyeupe vivyo hivyo. Tena kuvu ivamiayo mwili kwa kasi, hasa kwa mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa, huenda isiache alama kubwa siku za mwanzo. India iliona mwaka 2021 jinsi maradhi hayo yanavyopofusha na kuua. Hukumu hutoka maabara, kipande cha nyama kikitazamwa kwa darubini. Madaktari nchini Sudan waliieleza kuvu ya sainasi mwaka 1969, miaka miwili kabla mgonjwa wa kwanza hajapigwa picha ya CT.

Kwa hiyo sioni fahari ya kununua mashine za picha huku maabara zikikosa wataalamu. Hospitali maarufu ya Pumwani, iliyoanzishwa mwaka 1926, ni ya uzazi. Mgonjwa wa pua sharti aende kwingine, alipie picha, kisha atafute ada ya maabara. Asipoipata, picha huishia chini ya godoro. Bima ya umma ingefaa kuzilipa zote mbili kwa pamoja.

Walimu nao wana sehemu yao, kwa maana aina ya kuvu iletayo mzio huwapata sana vijana. Mwanafunzi anayehema kwa mdomo darasani miezi mitatu, pua ikiwa imeziba upande mmoja, asiambiwe ni mafua. Wala asikimbizwe kupigwa picha kwa kila chafya, maana miale hiyo si maji ya kunywa. Aandikiwe barua aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na akivimba jicho au akiona kitu kimoja kuwa viwili, apelekwe hospitalini papo hapo, bila kungoja kengele ya jioni.